Bahari Iko Mkono Gani

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh, Mudira, yaani mkuu wa shule, alinipa boksi la chaki, daftari la mahudhurio na kitabu cha historia kisicho na jalada. Ilikuwa shule ndogo ya watoto wa Kenya na Tanzania, ndani ya nyumba ya kupanga, na darasa langu lilikuwa sebule ya zamani. Akaniambia, "Fundisha kilichomo humo. Usiongeze, usipunguze."

Nikaongeza siku hiyohiyo. Mimi ni mbishi, mama yangu alilisema hilo kabla sijajua kusoma.

Somo lilikuwa wapelelezi wa kwanza, wale Wazungu waliokuja kutafuta maziwa na vyanzo vya mito. Nikauliza nani alikuwa wa kwanza kuliona ziwa. Darasa zima likapaza jina la Mzungu kwa furaha. Nikauliza, "Na mtumbwi uliomvusha ziwa hilo, nani aliuchonga?" Mtoto mmoja akafunua kitabu, akatafuta, akakifunga.

Mimi ni mtu wa Tabora. Baba wa babu yangu alikuwa mpagazi, mtu wa kubeba mizigo ya msafara kwa kichwa na bega, kutoka pwani hadi bara na kurudi. Kitabuni wapagazi walikuwa na idadi tu. Mzungu alikuwa na jina, na hata punda wake alikuwa na jina. Jambo hilo liliniudhi, na mpaka leo linaniudhi.

Basi nikajitungia namna yangu ya kufundisha. Kwenye azimio la kazi, ile karatasi ya mpango wa masomo ya muhula mzima, niliandika "Misafara" kama wenzangu. Lakini darasani watoto walipanga mstari wakabeba mikoba yao kichwani. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa njia, mwenye kujua maji yako wapi na kijiji kipi kinauza chakula. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia msafarani bila jina, na jina lenyewe lazima liwe la babu au bibi wa nyuma kabisa anayejulikana kwao. Jioni watoto wakawa wanapiga simu Moshi, Kisumu, Tanga, wakiuliza baba wa babu aliitwa nani. Wazazi wengine walinilalamikia kwamba nawasumbua wazee. Niliwajibu kwamba wazee hawajalalamika.

Mkataba wa Riyadh ulipokwisha nikapata kafili mwingine, yaani mdhamini wa kazi, na ikama mpya, kile kibali cha kuishi, nikahamia Jeddah. Nilipanga chumba mtaa wa Hindawiyah, na shule ilikuwa mtaa wa Kandara, juu ya maduka ya mabegi na simu. Mudira wa huko alikuwa mama wa Kiunguja, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi. Mwaka wangu wa tatu kwake aliniita ofisini, akanimiminia kahawa. Hapo nikajua habari si njema.

"Mwalimu, mie nakupenda," akasema. "Lakini kamati ya wazazi imeshakata shauri. Kipindi cha historia kitapewa somo la kompyuta. Mwenyekiti anasema watoto hawa hawarudi kwao, wapagazi watawasaidia nini?"

"Na wewe Mudira unasemaje?"

"Mie nasema halas. Mambo yamekwisha hayo."

"Hayajaisha. Nipe siku moja. Mwenyekiti aje awaone watoto, kisha aseme mbele yao."

Akachukua kalamu, akaandika tarehe.

Mwenyekiti alikuwa mhandisi, mzaliwa wa Mombasa, mtu wa heshima na haraka. Binti yake, Rehema, alikuwa darasani kwangu, na ndiye niliyemchagua kuwa kirangozi. Sikumchagua kwa hila. Alikuwa na akili kuliko wote na sauti ya kuamrisha. Kama kipindi kingekufa, nilitaka kife kikiwa kimefundishwa vizuri.

Tulifanyia juu ya paa la shule, lililo tambarare, asubuhi kabla jua halijawa kali. Nilikataza kupanda na ramani ya ukutani. Nilitaka wachore wenyewe kwa chaki, kwenye saruji, nchi iliyomo vichwani mwao. Rehema akachukua chaki, akatazama huku na huku, akaenda upande ule ambapo Bahari ya Shamu ilionekana kidogo katikati ya majengo. Akachora mstari mrefu. "Hii pwani," akasema. "Hapa Mombasa, hapa Bagamoyo." Kisha akaja upande wa pili, kwenye matangi ya maji, akachora ziwa. Wenzake wakajitwika mikoba, wakamfuata kutoka magharibi kwenda mashariki.

Pwani yetu sote tunajua iko mashariki. Msafara mzima ulikuwa unakwenda kinyume.

Mwenyekiti akacheka. "Mwalimu, kwani umehamisha Mombasa? Hii ndiyo history tunalipia? Mimi nadhani tumeona, tufunge hii maneno."

Mudira akainamisha kichwa. Mimi aibu ilinipanda mpaka masikioni, maana kosa lilikuwa langu. Miaka yote nimewafundisha ramani ya ukutani, kulia mashariki, kushoto magharibi, na wameijibu vizuri kwenye mitihani. Sikuwahi kuwauliza nchi iko wapi wakiwa wamesimama.

"Bado," nikasema. "Rehema, kwa nini bahari umeiweka huko?"

Akanishangaa kama niliyeuliza jina lake. "Mwalimu, si tukiswali bahari iko nyuma yetu? Kwa hiyo msafara ukitoka baharini unaelekea kibla."

Wenzake wote wakatikisa kichwa kukubali. Walizaliwa Jeddah. Kwao bahari ni mahali jua linapozama, na kibla kiko upande wa bara. Waliibeba Jeddah wakaivalisha jina la kwao.

Nikamgeukia Mwenyekiti. "Na wewe, baba, ukiwa kwenu Mombasa, ukiswali bahari ilikuwa mkono gani?"

Akanyoosha mkono mmoja, akaurudisha, akanyoosha wa pili. "Nyuma... ama kushoto," akasema. Hakuna aliyecheka.

"Tumuulize bibi wa Mombasa," nikasema. Rehema alikwisha kuzoea kazi hiyo, maana jina lake la msafarani alilipata kwa bibi huyohuyo. Akachukua simu ya baba yake, akapiga, sauti ikasikika paa zima.

"Bahari?" akasema bibi. "Nikielekea kibla, bahari i mkono wa kulia, na jua latoka uko uko, lazama bara. Babako hakukwambia? Hapa ufuoni ndipo alipokulia."

"Hakuniambia, bibi."

"Mpe simu."

Mwenyekiti akaipokea kwa mikono miwili. "Naam, mama," akasema. "Naam. Nimesahau, mama." Akasikiliza tena kwa muda. "Nitamfundisha."

Akakata simu. Aliufuta mstari wa pwani kwa kiatu chake, kiatu kizuri cheusi, mpaka kikawa cheupe. Akaomba chaki, akaenda kwenye matangi, akalifuta ziwa, akapiga magoti na kuchora pwani upya, upande linakotoka jua. Rehema akapiga magoti kando yake, akamuuliza nyumba ya bibi aiweke wapi. Akamwonyesha.

Tukiwa tunashuka ngazi Mwenyekiti akaniambia bila kunitazama, "Kipindi kimoja kwa wiki, Mwalimu. Kimoja tu." Mudira aliyekuwa nyuma yetu akasema, "Alhamdulillahi," na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Kipindi hicho kimoja nilikifundisha mpaka nilipostaafu, na tangu asubuhi ile kila mwaka nilianzia paani. Vijana mnaoingia ualimu ugenini, hilo ndilo ninalowaachia. Msiridhike mtoto akijibu vizuri karatasini. Msimamisheni, mwulizeni kwao ni upande gani, na mkubali kuaibika mkigundua hamkumfundisha.

Sasa niko Tabora, nakula pensheni yangu ndogo na kubishana na majirani. Mwezi uliopita simu yangu ililia alfajiri. Ulikuwa ujumbe wa Rehema, sasa mtu mzima, aliyekwenda Mombasa kwa mara ya kwanza maishani, kumzika bibi yake.

"Mwalimu, tumeshaswali. Bahari iko mkono wa kulia. Baba yuko kando yangu, analia, ananionyesha."