Mimba Tuliyoificha Nyuma ya Soksi

Siku ile nilikuwa nimekaa uani kwetu Kindu, nafumua blanketi. Lilikuwa blanketi jekundu la sufu, limeliwa na nondo upande mmoja. Mama mkwe wangu, Bi Zaituni, alikuwa amelitunza sandukuni tangu alipokuja na msafara kutoka pwani. Mimi navuta uzi, yeye anauzungusha kwenye kijiti. Mpunga umeanikwa mkekani, kuku wanauvizia, nami nawafukuza kwa mdomo maana mikono ina kazi. Asubuhi ya kawaida kabisa, isipokuwa nilikuwa nimeshatapika mpaka nyongo, na jua bado halijapanda juu ya mapaa.

Soksi zilikuwa za mume wangu, Feruzi. Miaka ile funza walikuwa wageni kwetu. Walipanda na misafara ya mto kutoka chini, wakaingia vidoleni mwa watu ambao hawakujua hata wawaite nani. Feruzi alikuwa mtu wa bunduki katika boma la bwana mkubwa wetu, kazi ya kutembea, na kucha zake zilikuwa zimeanza kung'oka. Kila jioni nilimtoa funza kwa mwiba, na kesho yake alirudi na wengine, akacheka kana kwamba kaniletea zawadi.

Bi Zaituni alikuwa amewahi kuwa yaya katika nyumba ya Mzungu kule Unguja, na huko alijifunza kufuma soksi. Alinifundisha kwa mbavu za mwavuli uliovunjika, alizozisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Mimi mwenyewe nilizaliwa upande wa Pangi. Nililetwa Kindu nikiwa mdogo, na walionileta hawakuniuliza. Bi Zaituni ndiye aliyenipokea, akanilea, na nilipokua akaniozesha mwanawe, wa pekee aliyebaki hai kati ya wote aliowazaa. Watu wa leo wananitaka nimchukie au nimpende, moja kati ya hayo mawili. Nawaambia hawakuwahi kukaa naye.

Kazi ile ya soksi alinipa yeye kwa makusudi. Mwanamke anayekaa chini bila kutwanga huulizwa ana nini, lakini mwenye kazi mkononi hakuna anayemuuliza. Na mimi sikuweza kutwanga. Harufu ya samaki wa Lualaba ilinipindua tumbo, harufu ya moshi pia, hata harufu ya mume wangu, Mungu anisamehe. Nilipokaa nikafuma, tumbo lilitulia kidogo. Labda kwa sababu macho yalikuwa yamefungwa kwenye vitanzi, kimoja kinatoka kingine kinaingia. Uzi ukilowa jasho ulitoa harufu ya beberu, basi hapo naweka chini kila kitu, naweka udongo wa kichuguu ulimini, nangoja, halafu naendelea.

Kwetu mimba changa haitajwi. Mpaka mwezi wa tatu uandame, ndipo mama mkwe anakwenda kwa mwanawe, anamwambia, na mwenye tumbo mwenyewe hana ruhusa ya kutamka neno. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumeikosea mila hiyo. Feruzi aliniona natapika, akatoka mbio mpaka barazani kwa wanaume, akatangaza. Walipiga bunduki hewani. Mimba ile haikumaliza hata mwezi ule. Hakuna aliyemlaumu mbele yake, lakini alikaa muda mrefu bila kucheka, na Feruzi asiyecheka hakuwa Feruzi.

Kwa hiyo safari hii Bi Zaituni alinishika bega akaniambia, "Hii tunaibeba mimi na wewe. Yeye asijue mpaka wakati wake. Tutasema una homa."

Tukasema nina homa. Feruzi aliitikia tu, "Pole, mama Faida," kwa utani, kwa kuwa Faida ni jina langu mimi, wala sikuwa mama wa mtu. Siku chache baadaye alichukua mtungi wangu, akashuka mtoni kuchota maji mwenyewe. Wenzake walimpokea kwa vicheko.

"Feruzi, leo njo weye bibi ya nyumba?"

"Mayi ni mayi," akawajibu. "Hayaulizi nani anayabeba."

Nilidhani ananionea huruma kwa ajili ya homa.

Vita vilikuwa vikisemwa tangu zamani, lakini vilikuwa vita vya mbali, vya Waarabu na Wazungu wa Serikali huko juu, na sisi tulivizungumza kama watu wanavyozungumza mvua ya kijiji kingine. Halafu ngoma ikalia bomani. Watu wa Nyangwe walikuwa wanaomba bunduki. Soksi zilikuwa zimekwisha siku hizo hizo. Feruzi alizivaa ndani ya makubadhi, nyekundu mpaka kwenye mashavu ya miguu, na uwanja mzima ukamzomea. Rafiki yake Almasi alimwuliza kama miguu nayo inakwenda kuoa. Feruzi akatembea mbele yao kwa maringo, huku na huku.

Bwana mkubwa alitoka. Kabla ya kugawa baruti aliuliza swali ambalo liliulizwa kila mara katika boma lile: nani ana mke mjamzito? Mume wa mwenye mimba habebi bunduki vitani. Ilisemekana damu atakayoimwaga itamrudia mtoto tumboni, na risasi yake itapotea njia iwapate wenzake. Waume wa wenye mimba za kuonekana walijitenga upande, watu wachache, wakabaki kulinda ghala na wanawake. Walitaniwa, lakini hakuna aliyewadharau.

Sisi wanawake tulisimama ukingoni mwa uwanja. Bi Zaituni alikuwa amenishika mkono.

"Mama," nilimwambia, "iseme."

"Mwezi bado."

"Anaenda."

"Nina macho, Faida." Vidole vyake vilinibana mpaka mfupa ukaniuma. "Nikiisema leo, inatoka kesho. Umesahau? Yeye atarudi. Mwanaume anajua kukimbia. Mutoto wa tumboni hajui."

Alimtazama mwanawe, na midomo yake ilikuwa inacheza, kama neno limefika pale na yeye analirudisha. Nilijua wakati ule kwamba anampenda kuliko mimi ninavyompenda, na jambo hilo lilinifanya nimwamini. Sikupiga kelele. Ningeweza kupiga.

Feruzi alitutazama kwa mbali, akainama kurekebisha soksi. Alipokuja kuaga alimbusu mama yake mkono, akaniambia mimi, "Usinyanyue vitu vizito, mpaka homa iishe." Wakapanda mitumbwi kwenda juu.

Mwezi wa tatu uliandama yeye hayupo. Bi Zaituni aliuona kabla yangu, akaniita uani, akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa sasa na ruhusa ya kusema, na mtu wa kuambiwa hakuwepo. Tukaingia ndani tukapika muhogo.

Baada ya hapo mitumbwi ikaanza kushuka. Kwanza ilikuja na majeruhi, baadaye ikaja na watu wasio na jeraha ila hawataki kuzungumza. Walisema Nyangwe imechukuliwa. Wengine walisema Kasongo pia. Kila mmoja nilimuuliza habari za mtu mwenye soksi nyekundu, na mmoja alinicheka, akadhani nimeshikwa na wazimu.

Siku moja wakati wa kuanika mpunga tuliona moshi upande wa juu wa mto.

Bi Zaituni alifunga nguo katika kanga, akanivuta.

Watu walikuwa wamejaa gatini. Wagenya, wenye mitumbwi, walikuwa wanavusha kwenda ng'ambo ya mashariki, nao waliwachukua waliowajua kwanza. Bi Zaituni aliwapigia kelele kwa lugha yao. Sikujua kama anaijua.

"Huyu ana tumbo! Mupisheni, ana tumbo!"

Ndiyo mara ya kwanza neno lile lilitamkwa mbele za watu.

Wakanipisha.

Tulikuwa katikati ya maji risasi zilipoanza. Mpiga kasia wa mbele aliinama kana kwamba ameona kitu majini, akaanguka. Mtumbwi ukalala upande. Nilishika ukingo kwa mikono yote miwili.

Nilisikia kitu kinavutika ndani yangu, chini.

Tulifika ng'ambo. Wengi hawakufika.

Tuliingia msituni, tukifuata njia ya Pangi. Mvua ilinyesha, na njia ile ni ya kupanda na kushuka, matope mpaka magotini, na nyuma kulikuwa na watu wakisema kila mara kwamba Wazungu wanakuja. Bi Zaituni alinibebea kila kitu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mgongo mbaya, na alibeba mzigo wake na wangu, akanitangulia akivunja matawi nisijikwae. Tukipumzika alinilaza, akainua miguu yangu juu ya mzizi. Alinilisha ndizi aliyoitafuna yeye kwanza, maana sikuwa na nguvu ya kutafuna. Kila nilipofumbua macho nilimkuta ananitazama tumboni wala si usoni.

Mtoto alitoka kabla hatujafika.

Alikuwa wa kiume. Sitaeleza zaidi ya hapo. Bi Zaituni alimfunga katika kilemba chake, akachimba kwa mikono na kijiti chini ya mti ambao sitaujua tena hata nikirudishwa pale. Halafu alikuja kukaa karibu yangu, akaweka kichwa changu mapajani pake, na alikuwa akitetemeka mwili mzima bila sauti. Nilitaka kumwambia asilie. Sikuwa na nafasi moyoni, nilikuwa na langu. Kesho yake tuliendelea, kwa sababu watu waliendelea.

Katika kijiji kimoja karibu na Pangi nilipata watu walioitambua lugha ya mama yangu mdomoni mwangu, ingawa nilikuwa naisema kama mtoto mdogo. Walitupa kibanda. Nilikuwa nimerudi kwetu, na sikumjua mtu. Tulilima. Bi Zaituni alisali kila sala, akamwomba Mungu mwanawe. Alisema Wazungu wanawashika mateka, hawawaui wote, na Feruzi anajua kuchekesha, hata Mzungu atamchekesha. Nilimwitikia. Nilianza hata mimi kungoja.

Aliyekuja alikuwa Almasi. Alitokea wakati wa kuvuna, amekonda, jicho moja limefumba, anauliza nyumba kwa nyumba mama yake Feruzi yuko wapi. Bi Zaituni alipomwona yuko peke yake alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Tulimpa maji, tukamwacha anywe. Halafu akatuambia. Feruzi alipigwa risasi ubavuni siku boma la Nyangwe lilipovunjwa. Almasi alimburuta mpaka kwenye migomba, na Feruzi hakufa papo hapo. Alizungumza mpaka jua likainama.

"Alizungumza nini?" nikauliza.

Almasi alisimama, akaenda kwenye chungu cha maji, akanawa mikono, akaisugua sana, mpaka kwenye viwiko. Akaikung'uta. Alirudi akainyoosha mbele yangu, bado inadondoka maji.

"Nipe mutoto," akasema. "Alinituma nimubebe."

Bi Zaituni aliinua uso, akanitazama.

"Ule mutoto iko wapi? Analala?" Alitazama ndani ya kibanda. "Feruzi alijua, dada. Alijua tangu siku za kwanza, mbele ya safari. Alikuona unalamba udongo. Nilimuuliza pale kwenye migomba, sasa sababu gani haukusema kwa bwana mukubwa, ubaki? Akaniambia, ule wa kwanza nilimuua mimi kwa mudomo. Huyu ninamunyamazia."

Mikono yake ilikuwa bado mbele.

Bi Zaituni ndiye aliyemjibu. Alisema, "Shusha mikono, baba," kwa upole kabisa, kama anavyoambiwa mgeni apokee kiti. Halafu akajilaza kifudifudi kwenye udongo, na hapo ndipo nilipomsikia akilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikuwa analiita jina la mwanawe, na kati ya majina alikuwa akisema maneno mengine, "Kumbe alijua. Kumbe alijua." Almasi alinitazama, akaelewa, akashusha mikono akaifuta kwenye nguo yake.

Nimekuwa na miaka mingi ya kulipima jambo hili. Tulinyamaza watu watatu, kila mmoja akidhani anamlinda mtoto, na sisi wawili tukiamini kwamba Feruzi hajui. Kama mmoja wetu angefumbua mdomo pale uwanjani, mtoto huenda angetoka vilevile. Njia ya Pangi haikuwa njia ya mwenye mimba. Lakini Feruzi angekuwa pamoja nasi. Hesabu hiyo haigeuki hata niigeuze vipi, na sijapata mtu wa kumkasirikia, maana wote watatu tulifanya kwa kupenda.

Niliolewa tena na mtu wa kijiji kile, mtu mwema. Bi Zaituni nilikaa naye. Hakuwa na kwingine, na mimi pia. Mimba zilizofuata zote nilizitaja siku niliyozigundua, kwa sauti, mbele ya majirani, na wanawake walinikemea wakaziba masikio. Wengine katika watoto wale waliishi, wengine walikufa, kama watoto wa watu wote. Kila nilipoitaja mimba, Bi Zaituni aliacha alichokuwa anafanya, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya kibanda akitupa kisogo, mpaka jioni. Nilimpelekea chakula hukohuko. Hatukuwahi kuzungumza habari hiyo, naye alikufa mikononi mwangu.