Asubuhi Mbili za Baridi Juu ya Mkuyu, Bereko

Safari hii ilianzia arusini. Tulikuwa Kondoa, katika arusi ya mpwa wa mke wangu, na baada ya pilau nikasimulia jinsi nilivyojifunza kupiga upinde nilipokuwa nikichunga ng'ombe wa baba yangu kule Bahi. Habari zenyewe zilikuwa za kweli, ila nilizisimulia kama za juzi. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo shemeji yangu Rajabu, kaka wa mke wangu na mtu wa rika langu, ambaye hasahau jambo lolote alilolisikia akiwa ameshiba.

Mwezi wa saba mwaka huu Rajabu alinipigia simu kutoka kwake Bereko, juu ya milima ya Kondoa. Alikuwa ameanguka na pikipiki na bega lake la kulia lilikuwa limefungwa. Wakati huohuo nguruwe pori walikuwa wakishuka kila alfajiri kwenye shamba la viazi vitamu la mkewe, Mama Zuhura, bondeni. Mvua ilikuwa imekatika mapema na uwele haukujaa, hivyo viazi vile ndivyo vingekuwa chakula cha nyumba yao mpaka msimu ujao. Vilihitaji wiki mbili zaidi kukomaa, na tayari sehemu nzuri ya matuta ilikuwa imefukuliwa. Rajabu alikuwa amepata ruhusa ya ofisa wanyamapori: upinde, bila sumu, na ndani ya mipaka ya shamba tu. Kilichopungua ni mtu mwenye mabega mawili.

Nilimweleza mke wangu kwamba nina kazi nyingi ofisini. Alinijibu kwa utulivu, "Uliwaambia watu wewe ni mpiga upinde. Nenda kapige."

Siku moja kabla ya kuondoka nilitoka nyumbani kwetu, karibu na Chimwaga, nikaenda Majengo kutafuta nguo ya baridi. Yeyote aliyewahi kusimama Dodoma asubuhi ya Julai anajua kwamba upepo wa kwetu si wa mzaha, lakini Bereko ni habari nyingine, na kukaa juu ya mti bila kutikisika ni habari nyingine tena. Muuza mitumba alinionyesha koti nene la nailoni, limejaa na kufura kama mto wa kulalia. Nilimuuliza kama kweli linazuia baridi.

"Bosi, mwenye hili koti alikuwa anaishi kwenye friji," alinijibu.

Nililichukua. Lilichakarika nilipolikunja, nikadhani ni upya.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Kondoa. Tulipita Haneti jua likiwa limeshapanda, katika nchi tambarare ya mabua ya alizeti na mawe yaliyokaa kama yalisahauliwa na mtu aliyekuwa akihama. Baada ya Kondoa barabara ilianza kupanda, abiria mmoja mmoja wakaanza kufunga madirisha bila kuambiana, na tulipopita Kolo mama mmoja mbele yangu alijitanda kanga ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilishuka Bereko alasiri. Jua lilikuwa linawaka na halikuwa na msaada wowote.

Nilipokewa kwa ugali wa uwele na mlenda. Katika nyumba hiyo ya Kiislamu mnyama niliyeitiwa hatajwi jina karibu na chakula, hivyo mazungumzo yote yalikuwa juu ya "wale". Wale wamekuja na watoto wao. Wale wanaanza na tuta la juu. Majirani wa ng'ambo ya bonde, ambao ni Wakristo, walikuwa wameshakubali kumchukua yeyote katika wale ambaye ningempiga, na Rajabu alisema sufuria yao ilikuwa imesuguliwa tangu Jumatatu.

Baada ya chakula Rajabu aliniomba nivae koti, nisimame uani na kuinua mikono kama anayevuta upinde. Nikafanya hivyo. Mbuzi wote wakageuka.

"Hilo koti linaongea, shemeji," alisema. "Wale wana masikio."

Kisha akanifundisha namna ya kukaa kwenye baridi. Nisivae nguo zote nikiwa njiani, kwa sababu jasho la kushuka bondeni hugeuka barafu mtu akishatulia; nibebe sweta na soksi kavu, nivae nikifika juu. Miguu niitie ndani ya gunia lenye makapi ya uwele. Tumboni niwe na uji wa ulezi, mzito. Alinishauri pia nipunguze chai, kwa sababu zitakazoeleweka kwa kila aliyewahi kukaa juu ya mti kwa muda mrefu.

Mama Zuhura aliposikia kwamba koti limekataliwa, aliingia chumbani, tukasikia kufuli la sanduku likifunguka. Alirudi na blanketi zito jekundu ambalo kila mgeni wa heshima hulalia. Linapotoka na kabla ya kurudi sandukuni, hulifukiza udi, na amefanya hivyo kwa miaka yote ya ndoa yake. Harufu ilitangulia kufika. Aliniwekea mabegani kwa mikono miwili.

"Mgeni hafi kwa baridi nyumbani kwangu," alisema.

Nilimtazama Rajabu. Rajabu alitazama paa. Sote wawili tulijua nguruwe anaishi kwa pua yake, na sote wawili tulishukuru kwa sauti moja.

Saa kumi na moja alfajiri tulishuka bondeni. Ulingo ulikuwa juu ya mkuyu pembeni mwa shamba: fito zilizofungwa kwa kamba juu ya matawi mawili, upana wa kumtosha mtu asiyejigeuza. Rajabu alibaki mlimani, nyuma ya jiwe. Nilivaa soksi, nikaingiza miguu kwenye makapi, nikajifunika blanketi, na naomba niseme wazi kwamba sijawahi kupata joto namna ile nje ya kitanda. Upepo ulikuwa ukishuka kutoka mlimani, unapita kwangu na kuelekea shambani.

Kulipoanza kupambazuka walitokea kwenye matete. Aliyetangulia, dume kubwa, aliweka mguu kwenye tuta la kwanza, akainua pua, akasimama. Alikuwa kama mtu aliyekwenda kuhani msiba akasikia taarabu. Akazunguka upande wa pili, akanusa tena, akaguna, na familia nzima ikageuka kurudi ilikotoka bila haraka, wala hawakugusa tuta hata moja.

Rajabu alishuka akitikisa kichwa. "Wamejua kuna bwana harusi juu ya mti," alisema.

Tuliihesabu asubuhi hiyo kuwa imeharibika. Njiani kurudi tulijadiliana ni nani amwambie Mama Zuhura. Nilimwambia Rajabu amweleze yeye, kwa kuwa yeye ni mume. Akasema mume ndiye hasa asiyeweza; heri mgeni, kwa sababu mgeni ataondoka. Nikasema sitaki kuondoka na jina la mtu aliyekataa blanketi. Tulipofika uani tulimwambia kwamba wale wameogopa mwanga, naye akatuwekea uji.

Asubuhi ya pili nilitoka na blanketi mabegani, kama inavyopasa, na tulipofika nyuma ya zizi la mbuzi nililikunja vizuri na kuliweka juu ya ukuta. Rajabu alinipa sweta lake la kuchungia, ambalo lilinuka mbuzi kiasi cha kutosha kunifanya mwenyeji. Chini ya sweta nilijaza magazeti kifuani.

Baridi ya juu ya mti haimvamii mtu. Huanza kwa kusikiliza. Miguu yangu ilikuwa salama ndani ya makapi, hivyo ikaniacha miguu na kuja magotini, kisha kiunoni, ikapumzika kidogo mgongoni mahali ambapo fito na upepo vilikutana. Magazeti yalilinda kifua kwa uaminifu. Vidole ndivyo vilivyobaki bila mtetezi. Niliviweka kwapani kwa zamu, mkono mmoja ukishika upinde na mwingine ukipata uhai, na kila nilipobadilisha nilikuta kwamba ule niliouacha haukuwa wangu tena. Nilijaribu kukumbuka mambo ya Bahi, lakini Bahi niliwinda mchana, chini, nikikimbia.

Wale walikuja kwa wakati wao. Dume lilinusa, likaridhika na habari za mbuzi, likaanza kufukua. Niliwasikia wakitafuna, na sauti ile, kwa mtu anayejua kwamba ni chakula cha watoto wa mwenyeji wake, si nzuri hata kidogo. Niliinuka taratibu, nikavuta. Mkono ulitetemeka mpaka ncha ya mshale ikawa inachora duara. Niliamua kungoja utulie, lakini vidole havikuwa na taarifa ya uamuzi huo; mshale ukaondoka wenyewe. Ulipita chini ya tumbo la dume na kuzama kwenye tuta. Walikimbia hadi matete, wakatafakari, na kabla sijaweza kushika mshale wa pili walikuwa wamerudi upande wa mbali wa shamba, nje ya uwezo wangu, wakamaliza tuta zima. Rajabu aliwafukuza kwa mawe, akirusha kwa mkono wa kushoto.

Tulipochomoa mshale ulitoka na kiazi.

Uani tulimkuta Mama Zuhura amesimama karibu na zizi. Blanketi lilikuwa mikononi mwake, na mbuzi mmoja alikuwa amelionja pembeni.

"Shemeji," alisema, "kama blanketi langu halikufai, ungeniambia. Usingeliacha kwa mbuzi."

Rajabu alianza kukagua kitambaa cha bega lake kana kwamba kimefungwa leo. Niliona kwamba msaada hautatoka huko. Nikamweleza yote: harufu ya udi, pua ya wale, jana walivyogeuka, na jinsi tulivyoogopa kumvunjia heshima. Nilisema pia kwamba sijawahi kufunikwa vizuri kama jana, jambo ambalo lilikuwa kweli na halikumlainisha.

Alikung'uta blanketi, akauliza, "Jana, nilipokupa blanketi, walikula?"

"Hapana."

"Leo?"

"Wamekula tuta zima na nusu ya jingine."

Akamgeukia mumewe. "Baba Zuhura, mimi shida yangu nilikuambia ni nini?"

"Nguruwe," alisema Rajabu, akisahau adabu ya jina.

"Nilikuambia wasile viazi vyangu."

Ni kweli hakuwahi kuomba nyama, wala mshale. Wanaume wawili, mmoja mwenye shahada na mwingine mwenye bega bovu, tulikuwa tumepokea haja ya mtu na kuigeuza kuwa uwindaji kwa sababu kulikuwa na upinde ndani ya nyumba na mtu aliyejisifu arusini.

Mchana ule Mama Zuhura aliwasha mkaa kwenye chetezo, akafunga mlango wa jikoni na kufukiza magunia matupu, moja baada ya jingine, kwa uangalifu uleule anaowapa wageni. Blanketi alilirudisha sandukuni. Tuliyatundika magunia kwenye vijiti upande unakotoka upepo. Tulipodhani tumemaliza, alituuliza koti langu liko wapi.

"Hilo linaloongea," alisema. "Lipelekeni nalo likaongee."

Tulilivalisha kwenye fito mbili zilizofungwa kama msalaba, katikati ya shamba. Lilianza kuchakarika hata kabla hatujaondoka. Jirani wa ng'ambo alikuja kuuliza habari za uwindaji, akalitazama koti, akarudi kwake kuiambia sufuria.

Alfajiri iliyofuata nilipanda mkuyu mara ya mwisho, bila upinde, nikiwa nimefunikwa blanketi kwa amri ya mwenyewe. Dume lilifika ukingoni mwa shamba. Upepo ulivuma, koti likasema neno, udi ukafika. Lilisimama kidogo, likaondoka na watu wake. Nilibaki juu mpaka jua lilipogusa matuta, nikitazama moshi wa majiko ukilala bondeni, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuwa na baridi wala haraka. Rajabu aliniambia nisijisifu sana, kwa sababu wale watazoea. Kila harufu huzoeleka. Lakini haja ilikuwa ya wiki mbili tu.

Nilianza safari ya kurudi nikiwa na kigunia cha viazi alivyoniwekea Mama Zuhura, vile ambavyo wale walivifukua bila kuvimaliza. Kigunia chenyewe kilikuwa miongoni mwa magunia yaliyofukizwa. Kabla ya kufika Kondoa kijana aliyekaa kando yangu alivuta pumzi mara mbili, akaniuliza kwa heshima kama natoka arusini.

"Hapana," nilimjibu. "Natoka kuwinda."

Alitazama kigunia, akatazama sweta la Rajabu lenye harufu ya mbuzi, nililolivaa badala ya koti, na hakuuliza jambo jingine mpaka Haneti.

Wiki ya tatu Rajabu alipiga simu: viazi vimechimbwa vyote, vingine vimekatwa na kuanikwa, na koti bado liko kazini kwa jirani. Wanaotaka kukaa juu ya mti kwenye baridi nawaachia haya: beba nguo kavu, tia miguu kwenye makapi, na linda vidole mapema kuliko unavyodhani inafaa. Ila kabla hujapanda, muulize mwenye shamba anataka nini, kisha msikilize mpaka amalize. Mimi niliuliza nikiwa nimeshashuka.

Jioni niliyofika nyumbani mke wangu aliniuliza nimepiga nini. Nilifungua kigunia na kumpa kile kiazi chenye tundu. Alikigeuza chini ya taa, akapitisha kidole, akakitia sufuriani pamoja na vingine.

"Angalau umelenga katikati," alisema.