Nakala Iliyotangulia Sauti ya Bibi

Seva yetu ilikufa siku ya Ijumaa, umeme uliporudi baada ya mvua kubwa iliyoshuka kutoka Uluguru. Ni kompyuta inayotunza kazi zetu zote, ya mfumo wa Unix, ya zamani, iliyokaa chumba cha nyuma cha ofisi ndogo ya utafiti wa kilimo ninakofanya kazi, hapa Morogoro mjini. Nilipoiwasha, diski ilitoa mlio mkavu, ikanyamaza.

Wenzangu waliingiwa na hofu. Mimi niliwaambia, kwa majivuno kidogo, kwamba kila usiku, mtandao ukiwa hauna watu, seva hutuma nakala kamili ya diski yake kwenye mashine nyingine iliyoko jengo la pili, ng'ambo ya uwanja. Kazi hiyo niliipanga mwenyewe. Pale ofisini mimi ndiye mtu wa kuuliza: nani kahakiki, umejuaje, ushahidi uko wapi.

Ila moyoni sikuwa nawaza takwimu za mihogo. Ndani ya seva ile kulikuwa na sauti ya bibi yangu, mama mzaa mama, niliyoirekodi kwa simu nyumbani kwake Mlali akiwa anachambua maharage. Alinisimulia kwa nini ukoo wetu uliteremka kutoka mlimani, na wanawake waliotuzaa, mmoja baada ya mwingine. Nilimkatiza kila sentensi mbili. Umejuaje? Nani alikwambia? Mbona mjomba anasema vingine? Akacheka na kuniambia, "Wewe mjukuu wangu, ukipewa maji unauliza kisima." Kisha akanijibu, swali kwa swali, bila kuchoka.

Simu ilipojaa, niliihamishia sauti ile kwenye seva na kuifuta kwenye simu. Nilidhani hakuna mahali salama kuliko pale. Baadaye bibi alifariki. Mama, anayekaa Mafiga, aliniomba aisikie kabla ya arobaini. Nikawa nachelewa, kwa sababu nilitaka kwanza kuyakata maswali yangu, ibaki sauti ya bibi peke yake.

Jumamosi asubuhi nilifunga diski mpya. Niliiwasha mashine kwa flashi, nikaiunganisha na mtandao wa ofisi, nikaiamuru ivute nakala kutoka jengo la pili na kuiandika upya, kipande kwa kipande. Ilichukua saa nyingi. Mara ya kwanza iligoma kuanza, kwa kuwa diski mpya ilikuwa na jina tofauti na ile ya zamani. Nilirekebisha mstari mmoja, nikawasha tena, ikaamka. Ikaniuliza jina na nywila kama kawaida. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Folda ya bibi haikuwepo.

Nilitafuta kwa kila amri niliyoijua. Kisha nikatazama tarehe ya nakala yenyewe: ilikuwa ya miezi minne nyuma, wiki tatu kabla sijaenda Mlali. Tangu hapo hakuna nakala nyingine iliyofika. Kwenye seva ile niliyoifufua, bibi alikuwa bado mzima, na alikuwa bado hajanisimulia kitu.

Nilivuka uwanja. Mama anayetusafishia ofisi alikuwa anapiga deki jengo la pili. Nilimwamkia, shikamoo, akaitikia, nikamuuliza kama kuna mtu huigusa mashine iliyoko pembeni.

"Mimi," alisema. "Jioni naichomoa, asubuhi naichomeka."

"Kila siku, mama?"

"Kila siku, baba. Isipokuwa ile wiki niliyokwenda Kingolwira, binti yangu alipojifungua."

Nakala yangu ilitoka wiki hiyo hiyo, miezi minne nyuma, mashine ilipolala ikiwaka. Nilifungua mdomo nimlaumu. Akaelekeza kidole ukutani, juu ya swichi, kwenye karatasi iliyobandikwa tangu mwaka ule radi ilipotuunguzia vifaa: TAFADHALI CHOMOA VYOTE KABLA YA KUONDOKA. Mwandiko ulikuwa wangu.

"Si wewe ulituambia?" aliuliza, kwa upole kabisa.

Asubuhi zote nilipopita pale, taa ya kijani ya mashine ilikuwa inawaka, nami niliamini. Sikuwahi hata siku moja kufungua na kuhesabu nakala. Kazi za ofisi zilikuwa na fomu za karatasi, tungeziingiza upya. Bibi hakuwa na karatasi.

Alasiri nilikwenda Mafiga. Mama alikuwa amekaa barazani, spika ndogo ameiweka tayari kwenye kigoda. Nilimweleza yote, diski, nakala, swichi, na nikaona jinsi maelezo yangu yalivyokuwa marefu. Hakunigombeza. Aliichukua ile spika, akaiweka mapajani.

"Basi nisimulie wewe," alisema. "Si ulikuwepo?"

Nilianza. Nikasema nilimuuliza kwa nini waliteremka mlimani. Nikasema nilimuuliza nani alimwambia. Nikasema nilimuuliza bibi yake aliitwa nani, na kama ana hakika. Maswali yangu yote niliyakumbuka, kwa mpangilio wake. Majibu sikuyashika, niliyaachia simu iyashike.

"Akajibuje?" mama aliuliza.

Nilimwambia kwamba alicheka. Nilimwambia yalikuwepo maharage, yalikuwa yanaangukia kwenye ungo. Mama akangoja, mkono juu ya spika.