Mfinyanzi Aliyeshindwa Kusema "Sina Neno"

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo wa mto haujaanza, Mama Pétronille amechuchumaa mbele ya vyungu thelathini na sita vilivyofunikwa kwa kuni na magome makavu. Kiberiti kiko mkononi. Wanawake watatu wa ukoo wamemzunguka, na kila mmoja anasema kwa sauti: "Sina neno na mutu."

Zamu yake inafika. Badala ya kuyasema maneno hayo, anakifunga kiberiti kwenye pindo la kikwembe na kuanza kuondoa kuni.

"Leo tena hapana," anasema.

"Ya tatu hii!" anaguna mdogo wake, Bibiche. "Nyungu zitaota majani, yaya," anamwonya dada yake.

Katika familia za wavuvi karibu na maporomoko ya Kisangani, wanaume hutega samaki na wanawake hufinyanga. Mama Pétronille, mwenye miaka hamsini na miwili, alianza akiwa msichana. Chungu kimoja humpatia faranga kumi na tano. Kwa wiki tatu sasa hajauza hata kimoja.

Hasira ni hasara, husema Waswahili. Kwake huo si usemi tu, ni kanuni ya kazi: mwenye kinyongo akikaribia moto, vyungu hupasuka. Ndiyo maana kila mmoja hukiri kwanza kwamba hana neno, yaani hana kinyongo. Padri haipendi desturi hiyo, lakini Mama Pétronille hajali sana. "Hata mbele ya komunyo mutu anachunguza roho yake," anasema. "Bon, nyungu iko na kosa gani?"

Mwaka jana, 1955, barabara mpya ilifunika shimo lao la udongo, wakaanza kuchimba kwingine. Katika uchomaji wa kwanza, vyungu kumi na tisa kati ya arobaini vilipasuka. Mama Pétronille hakutazama udongo. Alitazama nyuso.

Macho yake yakatua kwa Anne, mke wa mwanawe Urbain, kuli wa bandarini. Anne ni mzaliwa wa Ponthierville, mwenye haya, na "sina neno" yake haikusikika vizuri.

"Nikasema, huyu anaficha kitu. Mutu wa roho safi anasema kwa nguvu."

Vyungu vilipopasuka mara ya pili na ya tatu, alimwita Anne mwenye roho mbaya inayopasua vyungu, uani, majirani wakisikia. Anne alijibu neno moja tu: "Mama, mimi sina neno." Wiki iliyofuata alifunga mzigo wake akarudi kwao.

Katika uchomaji uliofuata, bila Anne, vilipasuka ishirini na vitatu.

"Pale nikakosa mutu wa kuangalia," anasema. "Ndiyo nikaangalia nyungu."

Alivunja vigae kimoja kimoja. Kwenye kila ufa alikuta kijiwe cheupe, kidogo kama punje ya mchele.

"Mawe ile nilikuwa naikanyaga kila siku kwa udongo. Ilikuwa inanichoma miguu! Lakini kichwa ilikuwa na jibu tayari."

Siku hizi udongo wake huchekechwa mara mbili. Bibiche aliona mambo yamekwisha: kosa ni la jiwe, moto uwashwe. Dada yake alimkatiza. "Jiwe haikumufukuza mutoto wa watu."

Mbona basi asiiache desturi yenyewe? Anamtazama mwandishi wa habari hizi kama mtu aliyemwambia apike pondu, majani ya muhogo, bila chumvi.

"Ile sheria haina kosa. Mimi niliitumia kupima roho ya mwenzangu, ya kwangu nikaiacha. Sasa nikisema sina neno, nitadanganya. Niko na neno, tena na mimi mwenyewe."

Ni aibu, na haifichi.

Urbain, ambaye humtembelea mkewe kila mwisho wa mwezi, ameleta habari mbaya zaidi. Maneno yale yalifika Ponthierville. Wanawake huko hawapiki na Anne, na mama yake hukaa benchi la mwisho kanisani.

Jumamosi hii Mama Pétronille atavuka mto, apande treni ya Ponthierville. Bibiche anataka amrudishe Anne nyumbani.

"Kurudi ni mambo yake na bwana yake," anajibu. "Mimi Jumapili nitasimama nje ya kanisa yao, misa ikitoka. Nilimusema mbele ya watu. Donc, basi, nitajisema mbele ya watu."

Anatazama mikono yake.

"Naogopa sana," anasema. "Lakini mama ya Anne atasikia."