Mwanya wa Mpiga Saksafoni

Mtaani walimwita Bawaba, kwa sababu saksafoni yake ililia kama mlango uliokosa mafuta. Mwingine angekasirika. Yeye alilipenda jina hilo, akasema bawaba ni kitu cha heshima, maana bila bawaba mlango ni ubao tu. Ndivyo alivyokuwa: ukimtania, atakuchambulia utani wako mpaka ujikute umemsifu.

Muziki aliuanza vizuri kama watu wengine. Alipuliza klarineti katika bendi ya shule, kisha akaingia bendi ya dansi iliyokuwa ikipiga kwenye ukumbi wa hoteli, akavaa suti ya rangi moja na wenzake. Suti hizo ndizo zilizomletea mke. Fundi cherehani aliyeitwa kuwapima alipofika kwa mpiga saksafoni, bwana huyo akatabasamu, na katikati ya meno yake ya juu ukaonekana mwanya ambao sarafu ingepita bila kugusa kuta. Fundi akasahau kipimo cha bega. Akapima tena, akasahau tena, na suti ile ilimbana mpaka siku ya harusi yao.

Hapo ungedhani mambo yamenyooka. Lakini Bawaba alikuwa na lake kichwani. Alisema nyimbo zote zinazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba, na yeye alitaka kujua kuna nini huko mbele kamba ikikatika. Siku moja, katikati ya wimbo ambao wateja wa hoteli waliupenda kuliko zote, akaikata. Alipuliza sauti mbili kwa mpigo, moja nene, na juu yake nyingine nyembamba inayopiga mluzi, na wacheza dansi wakasimama wakitazamana. Kiongozi wa bendi alimvumilia siku hiyo. Aliporudia, alimwambia arudishe suti.

Tangu hapo akawa mtu wa karakana. Rafiki yake seremala alificha ngoma zake nyuma ya mbao, fundi baiskeli alikuwa na gitaa la besi, na watatu hao wakawa wanakutana Jumapili mchana, misumeno ikiwa imepumzika. Bawaba hakutosheka na chombo kimoja. Alikuwa na saksafoni ndogo na kubwa, klarineti, filimbi, na mpira wa kumwagilia bustani aliouchomeka faneli ya jikoni, ambao aliuzungusha juu ya kichwa huku akiupuliza. Wasikilizaji walikuwa wachache, na baadhi yao waliingia kuuliza bei ya vitanda. Waliwahi kutoa santuri moja. Watu wa mbali waliandika kwamba ni kazi kubwa. Mtaani ilinunuliwa na shemeji wa yule seremala tu, tena kwa kushurutishwa. Sanduku la santuri zilizobaki likawekwa kando ya cherehani, na wateja wakawa wanasimama juu yake wakipimwa pindo.

Asubuhi alifundisha watoto klarineti shuleni, ila chungu cha nyumba ile kilitegemea zaidi cherehani. Mkewe hakuwahi kumsimanga kwa hilo, hata siku walizogombana.

Je, aliupenda muziki wa mumewe? Tusidanganyane: hakuupenda. Alikwenda karakana kila Jumapili, akakaa juu ya rundo la mbao akishona vifungo, na mtu akicheka alimkazia macho mpaka kicheko kikamkauka. Ukipenda boga, penda na ua lake, alikuwa akisema, kisha anaongeza kwamba ua la boga lake yeye lina miiba. Kwa miaka yote hiyo alimwomba kitu kimoja tu, tena kwa utani: apige siku moja wimbo ambao mtu anaweza kuuimba akiosha vyombo. Bawaba alicheka, akaahidi, akaanza, na kabla ubeti haujaisha kamba ilikuwa imekatika. Hapo jirani yao, mwalimu mstaafu, aligonga ukuta kwa mpini wa ufagio. Mke aliinuka, akaenda kumwomba radhi, na aghalabu alirudi na suruali ya kutia kiraka bure.

Basi wakazeeka hivyo, mpaka fizi za Bawaba zikamsaliti. Meno ya juu yalianza kucheza, akawa anashika saksafoni kinywani kama mtu anayeng'ata kiazi cha moto. Mpiga saksafoni huegemeza meno ya juu kwenye kipulizio, kile kipande cheusi kinachoingia kinywani. Yakienda hayo, sauti nayo haina pa kukaa. Alilijua hilo, mkewe alilijua, na kwa miezi walizungumza mambo mengine. Hatimaye alishindwa kutafuna hata mkate, akajikaza, akaenda.

Daktari wa meno alikuwa binti mpole mwenye mikono midogo. Aliyang'oa, akangoja fizi zipone, akamwita tena apimwe meno ya bandia. Siku hiyo Bawaba amelala kitini, kinywa kimejaa pamba, daktari akamgeukia mke. Alitaka kujua kama aache mwanya kama ule wa zamani au auzibe. Aliuliza kama vile mtu anavyoulizwa kola awekewe ya aina gani.

Na mke akajibu kama fundi. Maisha yake yote, penye mwanya pamefumuka, na pakifumuka panashonwa. Alisema uzibwe, tena meno yapangwe vizuri, mzee awe kama bwana harusi. Bawaba alikuwa akitazama dari.

Meno yalikuja yamejipanga sawasawa kama vifungo vya shati jipya. Majuma ya kwanza yalikuwa ya udenda na uvumilivu. Alipoweza hatimaye kupuliza, sauti ilitoka ya mviringo, safi, isiyo na kosa. Ile ya pili haikuja. Kumbe mluzi wake wote ulikuwa ukipita kwenye mwanya: pumzi kidogo aliyoiachia ipenye kati ya meno, juu ya ile inayoingia kwenye chombo. Alijaribu kuushawishi kwa ulimi, kwa shavu, kwa kuinamisha shingo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Kisha alasiri moja, mkewe akiwa anaosha vyombo, alisikia kutoka sebuleni ule wimbo wa hotelini, wimbo wa siku walizoanza kupendana. Ulianza, ukaenda, ukafika mwisho wake bila kukatika popote. Mama wa watu alisimama na mikono yenye povu, akalia kwa furaha, kisha akauimba kimoyomoyo mpaka sahani ya mwisho.

Mtaa ulifurahi pamoja naye. Mwalimu mstaafu alikuja mwenyewe, safari hii bila ufagio, akasema mwanafunzi mzito naye hufaulu mradi asiache shule. Hoteli ilimwita apige Jumamosi alasiri wakati wageni wanakunywa chai, na mkewe akamshonea suti mpya ambayo haikubana popote. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alikuwa akisifiwa kwa maji yenyewe.

Mke aliifurahia neema hiyo kwa muda. Halafu, kama mtu anayehisi kijiwe ndani ya kiatu, akaanza kuona mambo. Mumewe hakuwa akiamka tena kujaribu sauti zake za alfajiri. Saksafoni ilitoka sandukuni Jumamosi na kurudi Jumamosi, kama jembe la mtu anayelima shamba la mwingine. Seremala alikuja kuulizia Jumapili zao, akajibiwa kwamba fizi bado zinauma. Siku nyingine alikwenda nyuma ya nyumba akaukuta ule mpira unamwagilia mchicha. Faneli imerudi jikoni, imeoshwa, imetundikwa. Hapo moyo ulimwuma waziwazi. Hata yeye, katika ukimya ule, alishona kola ya mteja juu chini, kosa ambalo hakulifanya tangu alipokuwa mwanagenzi.

Jumamosi moja walirudi kutoka hotelini. Alipotoka chumbani kutundika koti, alimkuta Bawaba ameketi mezani, kipulizio mkono mmoja, kipande cha msasa mkono mwingine.

Alimwuliza anafanya nini. Bawaba akaeleza kwa utulivu kwamba meno mapya yanateleza. Kile kipulizio kilikuwa na mashimo ya meno ya zamani, na haya hayaingii humo, kwa hiyo anapasawazisha.

Mke alikichukua, akapitisha kidole gumba juu yake kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Akayasikia mashimo mawili, yamechimbwa na miaka ya kung'ata, na katikati yake ukuta mwembamba ambao jino halikuwahi kuugusa. Kidole kilisimama hapo. Aliutambua ule mwanya. Ndio uliomfanya asahau kipimo cha bega.

"Baba," akasema, "ni mimi niliyesema uzibwe."

"Najua. Pamba ilikuwa mdomoni, si masikioni."

"Sasa mbona hukutikisa kichwa?"

Bawaba aliugeuza ule msasa, akaangalia upande wake laini.

"Tangu nikuoe hujaniomba kitu kwenye muziki ila wimbo mmoja. Nikasema, acha aupate."

Mke aliketi juu ya sanduku la santuri. Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha kwa kosa la kutojua, na sasa alikuta kwamba halikuwa kosa peke yake. Ilikuwa pia zawadi, na mtu aliyeitoa alikuwa ameitoa akiwa macho, akitazama dari, bila kinyongo. Alimpenda wakati huo kuliko siku ya suti. Alimwonea hasira pia, kidogo.

"Nimeupata," akasema baadaye. "Ni mzuri, na nimeshiba. Lakini huyo anayeupiga simjui."

Akautwaa msasa, akautia mfukoni. Kipulizio akakifunga kwenye kipande cha bitana kilichobaki katika suti mpya, na Jumatatu wakaenda nacho kwa daktari.

Daktari alikigeuza kwenye mwanga, akatabasamu. Alisema yeye humwomba kila mgonjwa picha ya zamani, na wao walikuwa wamemletea picha ya harusi ambamo bwana amebana midomo kwa sababu ya suti. Hakuna aliyewahi kumletea meno yenyewe yakiwa yamejiandika hivi. Alimimina jasi kwenye mashimo, ikakauka, na juu ya kiganja chake zikakaa ncha za meno mawili zikiwa zimeachana kama zamani. Hata hivyo aliwaonya. Meno ya kutengenezwa si ya kuota, na umbo likirudi haimaanishi sauti itarudi. Bawaba aliitikia kwa kichwa, safari hii akiwa hana pamba.

Siku meno yalipokuwa tayari, aliketi sebuleni na saksafoni. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anatunga uzi kwenye sindano, na uzi hauingii. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Mara ya pili ikatoka ile sauti safi ya Jumamosi, na mke akainamisha kichwa, asionekane uso. Bawaba alifuta midomo, akasogeza taya taratibu, mpaka meno yakajilaza kwenye mashimo yao, yakatoa mlio mdogo kama wa kufuli. Akapuliza.

Bawaba ililia. Sauti nene, na juu yake ule mluzi, mwembamba, umepinda, umechakaa kidogo, ukipanda mahali ambapo hakuna wimbo unaokwenda. Ulikuwa mbaya vilevile. Mke aliufuata kwa macho yaliyojaa machozi, na uzi ukaingia kwenye sindano bila yeye kuutazama.

Ukutani mpini wa ufagio ukagonga.

Bawaba akanyamaza, akamtazama mkewe, kwa mazoea, akingoja ainuke aende kuomba radhi. Mke alichukua mkasi wake mkubwa, akaugeuza mpini, akaugonga ukuta ule kutoka upande wao, kwa nguvu zaidi.

"Endelea, baba," akasema, na mguu wake ukaanza kukanyaga cherehani.