Sungura Chini ya Mihogo

Pilipili ikiungua motoni, mimi hucheka kabla sijakohoa. Harufu hiyo hunirudisha utotoni kwetu Alunguli, kando ya mto, siku niliyodhani nimewaua sungura wangu.

Walikuwa watatu, na jike alikuwa na mimba. Baba aliwaleta kutoka kazini kwake relini, ng'ambo ya mto, akanikabidhi niwalishe. "Usiwape majina," aliniambia. "Hii iko nyama." Niliwapa majina siku ileile, kwa siri, maana baba alikuwa mtu mkavu na nilimwogopa.

Jioni moja nilisahau kufunga kibanda. Kulipokucha tulikuta mashimo chini ya mihogo, na lengalenga za mama, mchicha wake, zimebaki vishina vitupu. Mama hakunipiga, alinitazama tu, na afadhali angenipiga. Siku tatu nilichuchumaa pale nikigonga sahani ya bati, nikiwaita kwa majina yao. Hakutoka hata mmoja.

Siku ya nne mama alichoka, akamwita jirani yetu, Papa Saidi, bingwa wa kuwinda simbiliki, wale panya wakubwa wa vichakani. Nao huwindwa hivi: unaziba mashimo yote isipokuwa mawili, hapa unawasha moto wa majani na pilipili kavu, pale unatega wavu.

"Na wasipotoka?" niliuliza.

"Tutawachimba," alisema. "Nyama njo nyama."

Nililia kwa sauti, lakini moto ukawashwa. Kumbe Papa Saidi alihesabu mashimo ya shambani tu, na sungura walikwisha kuchimba mpaka chini ya jiko. Punde moshi ukafuka jikoni alimokuwa mama. Akatoka mbio, kitenge puani, akimwambia Papa Saidi maneno ambayo sikujua kama mama anayajua. Watu wazima wote wakawa wanakohoa na kucheka. Wavu ulikuwa mtupu. Mimi nilimwaza yule jike na tumbo lake, gizani, katika moshi ule.

Baba alitukuta hivyo hivyo. "Muzime moto," alisema. "Mutoke wote."

Tukasogea hadi kwenye ua. Alizibua mashimo kwa mikono, akangoja moshi uishe, akachuma majani ya viazi na kuchuchumaa na sare yake ya kazi. Kisha akapiga mluzi mdogo, wa taratibu. Akapiga tena. Pua ikachomoza karibu na ukuta wa jiko, na yule jike akaja moja kwa moja hadi kwenye viatu vyake. Wenzake wakamfuata.

"Papa, walikujua namna gani?" nilimuuliza baba.

"Iko njaa tu," alijibu bila kunitazama.

Nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu. Mimi ndiye niliyewalisha, mbona walimwendea yeye?

Jike alizaa sita. Hatukula hata mmoja, maana kila mara baba alikuwa na sababu: huyu bado mdogo, huyu anakohoa, huyu ananyonyesha.

Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipoelewa kwa nini walimwendea yeye. Baba alikuwa akiondoka alfajiri kuwahi mtumbwi wa kuvuka kwenda kazini, na kabla ya kuondoka alikuwa na muda wake pale kibandani, akipiga mluzi. Upole wake wote ulipita saa ambazo mimi nilikuwa nimelala.

Ndiyo maana siku hizi, nikienda kuwafungulia kuku alfajiri, nawaamsha wanangu twende pamoja.