Kivuli Ndani ya Jicho la Mama

Nimehama miji mingi tangu nitoke Handeni, lakini mwaka ule sijaweza kuuhama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa bado kinaezeka nyumba zake za kwanza.

Mama alikuwa na uvimbe ndani ya jicho la kushoto. Huko Korogwe daktari aligusisha taa ndogo kwenye jicho, kivuli cha uvimbe kikatokea kwenye weupe, akakipima kwa bikari. Akaandika kwenye kadi: milimita kumi na mbili. Jicho litolewe, alisema. Mama akaomba miezi mitatu afikirie kwanza.

Miezi hiyo mjomba alimwandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, naye akanywa kila asubuhi.

"Hao wanamulika jicho la dada yangu kama wanatafuta kuku aliyepotea," mjomba alisema. Mama alicheka hadi akashika ubavu.

Tuliporudi tulimkuta daktari mwingine. Huyu alichungulia kupitia mboni, akakadiria uvimbe kwa kuulinganisha na duara dogo la mshipa wa fahamu lililo nyuma ya jicho. Akaandika milimita tisa, akatuambia tumsubiri mwenzake wa kwanza apime tena, atarudi baada ya siku nne. Tukakaa kwenye benchi nje, kadi magotini mwangu. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

"Kumi na mbili, sasa tisa. Umepungua, mama."

"Una hakika, baba?"

Nilikuwa na hakika. Hatukumsubiri mtu. Nyumbani mjomba alichinja jogoo, na hospitali haikutajwa tena.

Mwaka uliofuata jicho lilianza kumuuma, na mama akakonda. Daktari wa kwanza alimulika tena. Kivuli kilikuwa kimeenea. Akaitazama kadi, akauliza nani aliyeisoma. Hakunikaripia. Alinieleza taratibu kwamba kivuli huweza kuwa kipana kuliko uvimbe wenyewe, na kwamba kipimo cha mwenzake kilikuwa cha kukadiria kwa macho. Kivuli nilipaswa kukilinganisha na kivuli. Uvimbe ule ulikuwa saratani, nayo ilikuwa imefika kwenye ini. Jicho hakulitoa, hakukuwa na faida tena kulitoa.

Nje mama alinishika mkono.

"Ile mara ya pili, ulikuwa umepungua kweli?"

Nikamjibu kwamba ulipungua, ndipo ukakua tena. Alifariki akiamini hivyo. Mjomba naye anaamini hivyo mpaka leo.